Heinrich Hertz: Aliyepima mitetemo ya umeme, jina lake likabaki katika kila redio

KILA jioni katika mitaa ya Mwiki, kuanzia vibanda vya mboga hadi kwenye matatu zinazowarejesha wafanyakazi kutoka jijini Nairobi, sauti za redio husikika zikipishana na kelele za barabarani. Mkazi wa wadi hiyo ya eneobunge la Ruiru, kaunti ya Kiambu, anayetaka kuisikiliza Redio Taifa ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) huitafuta kwenye 92.9 na mara moja huipata. Nambari hiyo huandamana na neno ambalo ni wachache hulitafakari: megahezi.

Wengi hudhani kwamba hezi ni kipimo tu, mithili ya mita au kilo. La hasha! Hezi ni jina la mtu. Ni jina la Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani aliyeishi miaka 36 pekee, ambaye katika muda huo mfupi aliyaonyesha macho ya binadamu mawimbi ambayo hayawezi kuonekana, akapima mtetemo ambao hakuna saa ya enzi zake iliyoweza kuupima, na katika hesabu zake akaacha kosa dogo ambalo mwenzake wa Ufaransa alilifichua.

Hezi moja ni mtetemo mmoja kamili katika sekunde moja. Bembea ya mtoto inayochukua sekunde 2 kwenda na kurudi ina masafa ya nusu hezi. Umeme unaoingia katika nyumba za Mwiki kupitia nyaya za taifa hutetemeka mara 50 kila sekunde, yaani hezi 50. Mawimbi ya Redio Taifa hutetemeka mara milioni 92.9 katika sekunde hiyo hiyo moja. Anayetaka kuyajua masafa huchukua 1 akaigawanya kwa muda wa mtetemo mmoja, mradi muda huo uwe umeandikwa kwa sekunde. Sharti hilo la mwisho huonekana dogo, lakini ndilo linalowaangusha wengi.

Hertz alizaliwa Februari 22, 1857 katika mji wa bandari wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake, Gustav Hertz, alikuwa wakili ambaye baadaye alipanda cheo hadi kuwa seneta wa mji huo. Mama yake, Anna Elisabeth Pfefferkorn, alikuwa binti wa daktari. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa Kiyahudi kabla ya kubatizwa na kuingia Ukristo wa Kilutheri. Jambo hilo halikumtatiza Heinrich maishani mwake, lakini lilikuja kulisakama jina lake miaka mingi baada ya kufa.

Tangu utotoni, kijana huyo alikuwa na vipawa viwili ambavyo ni nadra kukutana katika mtu mmoja. Alipenda kazi za mikono, akajifunza useremala na kutumia mashine ya kukereza, na kuunda vifaa vyake mwenyewe nyumbani. Wakati huo huo alikuwa hodari wa lugha. Alisoma Kigiriki shuleni na kujifunza Kiarabu kwa mwalimu wa faragha, ambaye alivutiwa naye kiasi cha kumshauri baba yake amwelekeze katika taaluma ya lugha za Mashariki.

Hata hivyo, kijana alichagua uhandisi. Alifanya kazi kwa muda mjini Frankfurt, akasoma Dresden, akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja, kisha mwaka wa 1877 akaenda Munich. Huko ndiko alikogundua kwamba moyo wake haukuwa katika kujenga madaraja bali katika kuyajua maumbile. Alimwandikia baba yake kumwomba ruhusa ya kuacha uhandisi na kusomea sayansi, ingawa alijua njia hiyo haikuwa na uhakika wa mshahara. Baba aliridhia.

Mwaka wa 1878 Hertz alihamia Berlin na kuwa mwanafunzi wa Hermann von Helmholtz, aliyekuwa miongoni mwa wanasayansi mashuhuri zaidi barani Ulaya. Wakati huo wanafizikia walikuwa wamegawanyika. Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa amedai katika miaka ya 1860 kwamba umeme na sumaku huweza kusafiri pamoja angani kama wimbi, kwa kasi ile ile ya nuru, na kwamba nuru yenyewe ni wimbi la namna hiyo. Hesabu zake zilipendeza, lakini hakuna aliyekuwa amelizalisha wimbi hilo kwa umeme na kulipima. Maxwell mwenyewe alifariki mwaka wa 1879 bila kuuona ushahidi.

Katika mwaka huo wa 1879, Chuo cha Sayansi cha Berlin kilitangaza zawadi kwa atakayethibitisha sehemu moja ya nadharia hiyo. Helmholtz alimhimiza mwanafunzi wake ajaribu. Hertz, aliyekuwa na umri wa miaka 22, aliketi akapiga hesabu kwanza. Aliangalia vifaa vilivyokuwapo na kukadiria kasi ya mitetemo ambayo vingeweza kuitoa, akatambua kwamba athari iliyotafutwa ingekuwa ndogo mno isionekane. Aliikataa kazi hiyo. Hakuwa ameiona nadharia kuwa ya uongo. Alikuwa amebaini kwamba palihitajika mtetemo wa haraka zaidi, nao haukuwa umepatikana bado. Tatizo hilo alilibeba kichwani kwa miaka saba.

Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1880, akabaki Berlin kama msaidizi wa Helmholtz hadi 1883, kisha akaenda kufundisha katika chuo kikuu cha Kiel. Huko hakukuwa na maabara ya maana, naye akajikita katika nadharia ya Maxwell kwa kalamu na karatasi. Mwaka wa 1885 aliteuliwa profesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, kusini mwa nchi. Karlsruhe ilimpa mambo mawili aliyoyahitaji: maabara yenye vifaa, na mke. Julai 31, 1886 alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake chuoni. Walijaliwa mabinti wawili, Johanna aliyezaliwa mwaka wa 1887 na Mathilde aliyezaliwa mwaka wa 1891.

Katika miezi ya mwisho ya 1886, akitayarisha majaribio ya kuwaonyesha wanafunzi, Hertz aliona jambo lililomshtua. Alikuwa na koili mbili za waya zilizotenganishwa. Kila alipopitisha mshtuko mdogo wa umeme katika koili ya kwanza, cheche iliruka pia katika koili ya pili, ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Mtu mwingine angeliandika hilo kama kioja na kuendelea na kazi. Hertz, aliyekuwa ameusubiri mtetemo wa haraka tangu 1879, alitambua alichokiona. Kila cheche ilikuwa ikiusukuma umeme kwenda na kurudi mamilioni ya mara kwa sekunde.

Aliunda chombo kilichokuwa rahisi kwa umbo. Nyaya mbili zilizonyooka zilielekezana, zikiacha mwanya mdogo katikati. Mwishoni mwa kila waya palikuwa na tufe au bamba la chuma la kuhifadhi umeme. Koili ya kuongeza nguvu ya umeme ilizalisha cheche katika mwanya huo, na umeme ukaenda mbio kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chombo cha kupokelea kilikuwa rahisi zaidi: pete ya waya yenye mwanya mwembamba sana. Hertz aliketi gizani, akisubiri macho yake yazoee kiza, kisha akatafuta kicheche kidogo kisichofikia hata unene wa unywele.

Katika shughuli hiyo alijikwaa juu ya jambo lingine kubwa. Alipokifunika chombo cha kupokelea ili akione vizuri kicheche, kicheche kilipungua. Alifuatilia sababu kwa miezi kadhaa mwaka wa 1887 na kugundua kwamba miale ya nuru isiyoonekana kutoka kwenye cheche kubwa ndiyo iliyokuwa ikikisaidia kicheche kuruka. Alichapisha matokeo hayo bila kudai kuyaeleza, akarudi kwenye mawimbi yake. Maelezo yalitolewa na Albert Einstein mwaka wa 1905, na kazi hiyo ndiyo iliyotajwa Einstein alipotunukiwa Nobel ya fizikia ya mwaka wa 1921.

Sasa lilibaki swali kuu. Ili athari ya umeme iitwe wimbi, ni lazima isafiri kwa kasi inayopimika. Kasi ya wimbi ni urefu wake ukigawanywa kwa muda wa mtetemo mmoja. Urefu Hertz aliweza kuupima kwa rula. Aliyaachilia mawimbi yapite kwenye waya mrefu, yakarudishwa na ncha yake na kugongana na yale yanayokuja. Mgongano huo huzalisha vituo tulivu ambapo kicheche hufifia, na umbali kati ya kituo kimoja na kingine ni nusu ya urefu wa wimbi. Alipata mita 2.8.

Muda ndio uliokuwa kizungumkuti. Hakuna saa ya karne ya 19 ambayo ingeupima mtetemo huo. Njia ilikuwa moja tu, nayo ni kuukokotoa kutokana na umbo la chombo chenyewe: unene na urefu wa nyaya, na ukubwa wa mabamba ya mwishoni. Hertz alikokotoa akapata sekunde 1.4 zilizogawanywa kwa milioni 100. Kwa vipimo vya sasa hizo ni nanosekunde 14.

Hapa msomaji makini anapaswa kusimama kidogo. Katika hesabu hiyo muda ulikuwa wa kwenda tu, bila kurudi. Hertz aliuoanisha na nusu ya urefu wa wimbi, hivyo nusu zote mbili zikalingana na kasi haikuharibika. Mita 2.8 zikigawanywa kwa nanosekunde 14 hutoa kilomita 200,000 kwa sekunde. Lakini anayetaka masafa hawezi kuitumia nusu hiyo kama ilivyo. Ni lazima kwanza aizidishe kwa 2 ili apate mtetemo kamili wa nanosekunde 28, yaani sekunde 0.000000028. Akiigawanya 1 kwa kiasi hicho atapata takriban milioni 35.7, au megahezi 35.7. Anayesahau kuzidisha kwa 2 atapata megahezi 71, maradufu ya jibu sahihi, na hakuna kitu katika karatasi yake kitakachomwonya.

Kasi hiyo ya kilomita 200,000 ilimsumbua Hertz. Maxwell alikuwa ametabiri kasi ya nuru, yaani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Vipimo vya Hertz vya mawimbi yaliyopita hewani vilikaribia kiasi hicho, lakini vile vya waya vilikuwa chini mno. Je, wimbi lilisafiri polepole kwenye waya kuliko hewani? Nadharia ilikataa. Hertz, kwa uaminifu wa mtafiti, alichapisha mwaka wa 1888 kile alichokipata, ingawa kilimkinza Maxwell.

Aliyeufumbua mtego alikuwa Henri Poincaré, mwanahisabati wa Paris. Alizipitia hesabu za Hertz hatua kwa hatua na kugundua kwamba vipimo vya urefu vilikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika muda. Hertz alikuwa ameukadiria uwezo wa chombo wa kuhifadhi umeme kana kwamba kila tufe au bamba lilisimama peke yake. Kwa kweli mawili hayo yalifanya kazi pamoja, moja likijaa huku jingine likipungukiwa, na uwezo wao halisi ulikuwa nusu ya alivyofikiria. Kwa kuwa muda wa mtetemo hufuata mzizi wa mraba wa uwezo huo, muda alioutaja ulikuwa mrefu kupita kiasi kwa mzizi wa mraba wa 2, takriban mara 1.41.

Nanosekunde 14 zikirekebishwa huwa 9.9. Mita 2.8 zikigawanywa kwa nanosekunde 9.9 hutoa takriban kilomita 283,000 kwa sekunde, jirani kabisa na kasi ya nuru. Masafa nayo hupanda kutoka megahezi 35.7 hadi takriban 50.5. Hertz hakukasirika wala kujitetea. Alipozikusanya makala zake katika kitabu mwaka wa 1892, alilieleza kosa hilo waziwazi katika utangulizi na kumtaja Poincaré kuwa ndiye aliyelibaini. Mwaka wa 1893 Edouard Sarasin na Lucien de la Rive walirudia vipimo katika ukumbi mkubwa mjini Geneva, mbali na kuta na vyuma vilivyokuwa vimeyavuruga mawimbi katika chumba cha Karlsruhe, wakathibitisha kwamba kasi ya hewani na ya kwenye waya ni moja.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1888, Hertz alikuwa amekwisha kuwaridhisha walimwengu kwa njia nyingine. Aliunda chombo kidogo zaidi kilichotoa mawimbi yenye urefu wa sentimita 66. Hizo ni mita 0.66, na ukigawanya kasi ya nuru kwa kiasi hicho utapata masafa ya takriban megahezi 450. Kwa mawimbi hayo mafupi aliweza kutumia vioo vilivyopindwa vya bati la zinki kuyaelekeza kama tochi inavyoelekeza mwanga. Aliyaakisi ukutani, akayapindisha kwa prizimu kubwa ya lami, na kuonyesha kwamba waya zilizopangwa sambamba huyazuia au kuyapitisha kulingana na zilivyogeuzwa. Kila lifanywalo na nuru, mawimbi ya umeme yalilifanya. Maxwell alikuwa amesema kweli.

Sifa zilifuata kutoka kila pembe ya Ulaya. Mwaka wa 1889 Hertz alihamia chuo kikuu cha Bonn kuchukua nafasi ya marehemu Rudolf Clausius, na mwaka wa 1890 Chama cha Kifalme cha London kilimtunuku nishani ya Rumford.

Ni katika kipindi hicho mhandisi mmoja wa Munich kwa jina Huber alipomwandikia kumuuliza iwapo mawimbi yake yangeweza kubeba sauti ya simu bila nyaya. Hertz alilijibu swali hilo kwa hesabu. Sauti ya simu hutetemeka takriban mara elfu moja kwa sekunde, yaani milisekunde moja kwa kila mtetemo. Katika milisekunde moja wimbi la umeme husafiri kilomita 300. Kuelekeza wimbi la urefu huo kungehitaji vioo vya ukubwa wa bara. Kwa mkazi wa Mwiki, urefu wa wimbi hilo moja ni karibu sawa na umbali wa mstari ulionyooka kutoka mtaani mwake hadi Voi. Hertz aliliona jambo hilo kuwa haliwezekani.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, na bado wakati ulimpiku. Wahandisi waliokuja baadaye hawakulirusha wimbi la sauti lenyewe. Walichukua wimbi la masafa ya juu na kulipandisha sauti juu yake, kama mzigo unavyopandishwa kwenye lori. Redio Taifa hufanya hivyo hivyo. Wimbi lake la megahezi 92.9 lina urefu wa mita 3.2 pekee, na mtetemo wake mmoja huchukua takriban nanosekunde 10.8. Antena isiyozidi urefu wa mtu inatosha kulinasa.

Hertz hakuishi kuyaona hayo. Mwaka wa 1892 alianza kuumwa na kichwa vibaya, kisha maradhi yakaenea puani na katika mifupa ya uso. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa. Katikati ya maumivu aliendelea kufundisha na kuandika kitabu chake cha mwisho, kuhusu misingi ya umekanika. Alifariki mjini Bonn Januari 1, 1894, wiki saba kabla ya kutimiza miaka 37. Alizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Elisabeth aliachwa mjane na watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka sita na mdogo akikaribia kutimiza mitatu. Mwalimu wake, Helmholtz, aliyekiandikia dibaji kitabu hicho cha mwisho, alimfuata kaburini Septemba mwaka huo huo.

Kazi yake haikufa. Katika miaka ya 1894 na 1895 kijana wa Kiitaliano, Guglielmo Marconi, alianza kuyatumia mawimbi ya Hertz kupeleka ishara, na mwaka wa 1901 alitangaza kuzipokea ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mwaka wa 1928 matangazo ya redio yalianza jijini Nairobi kwa ajili ya walowezi, miaka 40 tu baada ya majaribio ya Karlsruhe. Tume ya kimataifa ya teknolojia ya umeme ililipitisha jina hezi kuwa kipimo cha masafa katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1960 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliliidhinisha katika mfumo unaotumiwa leo takriban duniani kote.

Katika nchi yake mwenyewe mambo yalienda kombo. Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, asili ya Kiyahudi ya ukoo wa baba yake ilifukuliwa. Taasisi ya utafiti wa mitetemo ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka wa 1928 na kupewa jina lake, ilivuliwa jina hilo. Uchungu zaidi ulitoka karibu. Philipp Lenard, aliyekuwa msaidizi wake Bonn na aliyekishughulikia kitabu chake cha mwisho kikachapishwa, ambaye baadaye alitunukiwa Nobel mwaka wa 1905, aligeuka kuwa miongoni mwa wanasayansi waliowaunga mkono Wanazi kwa sauti kubwa. Alihubiri fizikia ya Kijerumani isiyo na Wayahudi, na hata katika kazi za mwalimu wake alitafuta dosari za damu.

Mathilde, aliyekuwa mwanabiolojia wa kutajika, alipoteza nafasi yake ya kazi. Katika miaka hiyo ya 1930 yeye, dada yake na mama yao waliihama Ujerumani na kwenda kuishi Uingereza. Mjane wa mtu ambaye mawimbi yake yalikuwa yakibeba hotuba za Wanazi katika kila nyumba ya Wajerumani alifariki akiwa mkimbizi.

Lakini kipimo hakikuweza kufutwa. Jina hilo lilikuwa limekwisha kupitishwa kimataifa. Baada ya vita taasisi ya Berlin ililirejesha jina lake, na mnara wa mawasiliano uliokamilishwa Hamburg mwaka wa 1968 ukaitwa kwa heshima yake.

Kwa mwanafunzi wa fizikia wa Mwiki au Mwihoko anayejiandaa kwa mtihani, maisha ya Hertz yana funzo la moja kwa moja. Akipewa swali kwamba mtetemo mmoja wa umeme wa nyumbani huchukua milisekunde 20, asikimbilie kugawanya 1 kwa 20. Jibu la 0.05 lingemaanisha kwamba umeme huo huchukua sekunde 20 kwenda na kurudi mara moja. Abadilishe kwanza: milisekunde 20 ni sekunde 0.02. Kisha agawanye 1 kwa 0.02 apate hezi 50. Akipewa mikrosekunde, aigawanye kwa milioni. Akipewa nanosekunde, aigawanye kwa bilioni. Na kila mara aulize swali ambalo Poincaré aliliuliza: je, muda huu ni wa mtetemo mzima au wa nusu, na kila kilichoingia katika hesabu kimehesabiwa ipasavyo?

Hertz alikuwa mmoja wa wanafizikia hodari zaidi wa karne yake, na hata yeye aliteleza katika hatua moja ya hesabu. Kilichomtofautisha ni kwamba aliziandika hatua zake zote ili mwingine aweze kuzikagua, na zilipokaguliwa na dosari kupatikana, aliikubali. Kila anayeandika hezi baada ya nambari huandika jina la mtu huyo.